Habari za Kundi na Ndege wa Concilie

Jumatatu, 10 Machi

Joëlla mjukuu wangu, najua utafungua daftari hili kama unavyofunua vyungu vyangu. Wiki saba hujaja kuniona! Mutanga Sud unakokaa imekuwa mbali kuliko Bukavu? Keti, usome, aibu ikupate.

Mwalimu Epiphanie ametangaza kwenye kundi letu la masomo la WhatsApp: Jumapili mmoja wetu atasoma habari za kundi hewani, watu wazima sitini wasikilize. Lazima niwe mimi! Maisha yangu yote nimesomewa: barua, dawa, hata jina la babu yako kwenye msalaba wa kaburi lake. Sasa wanisikilize mimi.

Shida moja. Kuandika nimejua, maneno yangu nayajua kabla hayajafika karatasini. Ya watu wengine yananikimbia.

Jumanne, 11 Machi

Mbinu imepatikana! Mwalimu hutuma picha ya ukurasa, kila mtu anausoma na kutuma sauti yake. Concilie wa Buterere hutangulia siku zote. Nitamsikiliza, nishike kichwani, nitume yangu. Kichwa hiki kimeshika Zaburi arobaini!

Jumatano, 12 Machi

Nimetuma. Bila kusita hata mara moja.

Zénon, mlinzi wa Rohero, akauliza kama nafuga ndege. Nikamuuliza ndege gani. Mwalimu akaeleza, kwa upole unaouma, kwamba ukurasa ulihusu kunawa mikono, na hakuna mahali palipoandikwa: "Shuu! Tokeni kwenye mpunga wangu, wezi nyie!"

Kumbe Concilie alikuwa shambani. Anasoma huku anafukuza ndege! Mi nilidhani ni somo. Nimelisema hata kwa hasira yake.

Kundi zima limecheka. Concilie tu hakucheka. Alinitumia sauti: "Mama Namegabe, umenisikiliza kuliko watoto wangu." Nilitaka kumchukia, nimeshindwa.

Ijumaa, 14 Machi

Kachaguliwa Concilie. Haki yake. Nimelia kidogo, nikasingizia vitunguu.

Jumapili, 16 Machi

Maji ya mafuriko yameingia Buterere. Concilie yuko juu ya meza na mbuzi wake, telefone inakaribia kuzima. Chaji ya mwisho kaitumia kumwambia mwalimu: "Asome Mama Namegabe."

Mungu wangu. Hakuna sauti ya kuiga!

Mwalimu akanitumia picha ya habari. Nikifuata mstari kwa kidole, picha inakimbia kwenye kioo. Nikachukua kijiti cha kiberiti. Ikatulia. Nikasoma habari zenyewe, herufi kwa herufi, dakika kumi na moja: Zénon amesoma mwenyewe barua ya binti yake. Sephora ameandika jina lake benki, hakuweka alama ya kidole. Concilie ametimiza miezi kumi hajakosa somo. Hapo nikaanza mstari upya.

Hakuna aliyetoka hewani. Zénon akasema leo ndege wamenyamaza.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempelekea Concilie blanketi na maharagwe. Matope mlangoni, na yeye anaanika daftari lake kwenye kamba, karatasi moja moja, kila moja anaisoma kwanza. Mwanamke wa chuma! Nimemkumbatia hadi akalalamika mbavu.

Keshokutwa ukurasa mpya. Telefone ya Concilie bado imelowa. Nani atatangulia? Nisome tena mwenyewe, dakika kumi na moja, na macho haya? Apana.

Joëlla, nakupigia sasa hivi: kesho uje mapema. Utanisomea ukurasa kwa sauti, polepole, mara mbili. Na kabla hujafungua mdomo, fungia kuku.