Foleni ya Lubisi kwa Ma Eufrazia

Jumatatu, 5 Mei

Jibu la posa yangu limekuja kutoka Kishanda. Si ndiyo. Si hapana. Ni lubisi!

Aroni, mshenga wangu, amelileta mwenyewe mpaka hapa Nshambya. Akakaa kwenye kiti changu kizuri, akanywa chai yangu yote, ndipo akafungua mdomo. Babu yake Hellen, Ta Kahigi, anataka Jumamosi niende nijieleze mwenyewe, na niende na dumu la lubisi, pombe yetu ya ndizi. Tena si lubisi yoyote. Ya Ma Eufrazia! Mzee aliinywa kwenye harusi moja huku mjini, na tangu siku hiyo, anasema, pombe nyingine zote anazimeza kwa adabu tu.

Nikauliza kama bia za kreti zisingefaa. Aroni akasema Ta Kahigi alishamsindikiza mchumba mmoja na kreti zake mpaka barabarani.

Hii ndiyo nafasi ya mwisho. Safari ile ya kwanza niliwaambia nina duka la simu. Wakatuma mtu sokoni, akakuta meza ya kava na chaja. Lakini meza ina mwavuli! Mwavuli ni paa, na chenye paa ni duka. Hawakunielewa. Sasa Hellen amesema babu akikataa tena, yeye hatabishana naye, maana ndiye aliyemlea. Hellen anafundisha Muleba. Nampenda. Naandika humu kwa sababu nikimwambia Aroni atacheka mpaka Jumamosi ipite.

Tatizo ni hili. Ma Eufrazia anaishi jirani tu, lakini anakamua ndizi za kibanja chake kwenye mtumbwi mmoja tu, na ikiisha imeisha mpaka mikungu mingine ikomae. Zamani walikunywa wazee. Siku hizi vijana wa maofisini wameigundua, wanaipiga picha, wanaiita toleo maalumu. Foleni inafika barabarani. Leo ameweka status: lubisi itatoka Ijumaa asubuhi, mdomo mmoja dumu moja, mwenye dumu aje mwenyewe.

Mimi kupanga foleni? Tutaona.

Jumanne, 6 Mei

Mpango wa kwanza: undugu. Mtu hampangishi ndugu yake foleni.

Nimekwenda kwa Ma Eufrazia nimevaa koti. Salamu za nyegera waitu nyingi. Akanikaribisha vizuri, akaniwekea kisahani cha senene wa kukaanga. Nikawa natafuna huku namweleza kwamba nimechunguza, na mimi na yeye ni ukoo mmoja kabisa, damu moja. Akafurahi! Akasema kama ni hivyo basi nimkumbushe mwiko wa ukoo wetu, maana uzee umemsahaulisha.

Mwiko? Nikafikiri. Nikaongeza senene, wananisaidia kufikiri. Nikasema ni kamongo. Akatikisa kichwa. Nikasema ni nyani. Akatikisa tena, akaniambia mwiko wa ukoo wake ni hicho ninachotafuna. Senene wale ni wa mkwe wake, Jesca, ambaye ametoka ukoo mwingine na anaruhusiwa kula.

Nilimeza kwa shida. Akanisindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, akasema tutaonana kwenye foleni, ndugu yangu.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Hakuna mteja hata mmoja wa kava.

Ila nimesikia jambo. Nicholaus, yule anayeuza vipuri vya pikipiki mkabala na meza yangu, alikuwa anaongea na simu. Anaongea kwa sauti kama yuko ng'ambo ya ziwa. Amesema: lubisi. Amesema: Jumamosi, Kishanda. Halafu amesema: Hellen, usiwe na wasiwasi!

Mawe, mama yangu! Nicholaus! Ndiyo maana kila asubuhi ananichekea. Kumbe naye anaposa, tena siku ileile, kwa dumu lilelile! Nimeshindwa kula.

Alhamisi, 8 Mei

Foleni imeanza leo ingawa lubisi ni kesho. Watu hawakai. Wanaacha madumu yamejipanga ukutani kama tunavyofanya bombani, wanakwenda shughuli zao. Nilipofika nikakuta dumu la Nicholaus liko mbele kabisa. Langu mimi likaangukia nyuma ya kina mama wa kwaya. Kina mama wa kwaya wanatafuta nini kwenye pombe? Sikuuliza. Kila mtu na wokovu wake.

Nikachunguza madumu. Ajabu! Karibu yote hayana vifuniko. Watu wamechomeka jani la mgomba mdomoni, basi. Vumbi linaingia, nzi anaingia, mwizi anatia kikombe anaonja. Wenye akili ni mimi na kina mama wa kwaya tu, tumefunga vifuniko vyetu. Mimi nimezidisha. Nimekaza kifuniko kwa mikono miwili, nikazungushia mpira wa tairi, nikapiga fundo. Ajaribu mtu!

Jesca alipita akipiga kelele kitu fulani kuhusu majani na vifuniko. Sikumsikiliza, nilikuwa namwangalia Nicholaus. Mara mvua ikashuka, ile ya Bukoba isiyoomba radhi. Wote wakakimbilia barazani. Mimi nikabaki. Nikalisukuma dumu la Nicholaus kwa mguu, polepole, kama mtu anayetembea tu. Likapita madumu ya wazee. Likapita ya kwaya. Likafika mwisho karibu na banda la kuku. Langu likachukua nafasi yake.

Nimerudi nyumbani nimelowa mpaka mfupa. Napiga chafya. Lakini nina furaha sana.

Ijumaa, 9 Mei

USHINDI!

Utaratibu wa kwa Ma Eufrazia ni kwamba huingii ndani. Jesca anakuja, anachukua madumu, anayapeleka uani, anarudi nayo yamejaa. Langu lilichukuliwa la kwanza. Jesca akaniangalia, akauliza kama nina hakika nataka hivyo lilivyofungwa. Nikamwambia nina hakika kuliko alivyo na hakika na jina lake. Akaguna, akalikata fundo langu, akaenda. Liliporudi nikalifunga tena kwa mpira mpya. Nilijaribu kunusa, lakini pua imeziba kabisa. Mafua haya! Hata chai ya tangawizi leo nimeinywa kama maji ya moto.

Lubisi iliisha kabla ya kufika kwenye banda la kuku. Nicholaus alisimama pale na jani lake la mgomba mkononi, anageuka huku na huku. Nilimhurumia kidogo, halafu nikaacha. Akanifuata, akasema Gamaliel ngoja, hebu tufungue hilo dumu tulinuse. Tulinuse! Hana haya? Nikakimbia. Akakimbia nyuma yangu akiita jina langu mpaka kona ya kanisa. Watu walidhani nimeiba.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika haraka. Sielewi kilichotokea.

Tulifika Kishanda vizuri, mimi na Aroni na dumu. Ukoo wote umekaa. Ta Kahigi kwenye kiti chake, pembeni yake mkewe, Ma Magdalena, mama mlokole ambaye hajagusa pombe tangu aokoke. Hellen mlangoni amevaa gauni la buluu. Tukapewa kahawa ya kutafuna. Nikatafuna. Na kule kwenye mkeka wa ukoo, kati ya wajomba, amekaa nani? Nicholaus! Mikono mitupu! Nikamkonyeza, ajue ameshindwa.

Dumu likaletwa. Nilipofungua kifuniko likapiga pfff! Nikawaambia wazee wasikie wenyewe ukali wake. Ta Kahigi akakumbusha desturi: aliyeileta ndiye anayeinywa kwanza, mbele ya macho ya watu, ili wenyeji wamwamini. Nikapokea kibuyu. Nikanywa.

Sikusikia ladha yoyote. Pua imeziba, ulimi kama soli ya kiatu. Sasa mtu anywe lubisi ya Ma Eufrazia abaki kimya? Nikakunja uso. Nikapiga kifua. Nikasema mawe, hii inapanda! Nikayumba kidogo kwa heshima. Watu wakatazamana. Nikaona haijatosha, nikanywa tena, nikashika nguzo, nikasema naona Ta Kahigi wawili na wote ninawapenda. Aroni akanivuta koti. Nikadhani naye ameona wivu.

Ta Kahigi akachukua kibuyu. Akaonja. Akaniangalia kwa muda. Akampa Ma Magdalena. Na yule mama mlokole akanywa! Akakimaliza! Akaomba kingine! Nikashangaa sana, lakini mimi ni mtu wa siri. Nikainama nikamnong'oneza asihofu, mchungaji hatajua kutoka kwangu.

Ma Magdalena akaweka kibuyu chini. Ta Kahigi akasimama, akasema kikao kimeisha, wageni wapewe chakula. Hellen alikwishaingia ndani, amejifunika uso kwa kanga. Sikuweza kuona kama anacheka au analia.

Jumapili, 11 Mei

Nicholaus amekuja kwangu baada ya ibada. Nilichukua mwiko wa ugali nikajiweka tayari. Akakaa tu. Akaeleza, na nilimwomba aeleze tena, na bado kichwa kinauma.

Kwanza, haposi. Ni mtoto wa shangazi yake Hellen. Hellen ndiye aliyemwomba apange foleni, ili mimi nikikosa, yeye anipe dumu lake kimyakimya. Kwa kuwa Hellen, anasema, ananijua.

Pili, kwa Ma Eufrazia dumu lenye jani ni la lubisi, kwa sababu lubisi inapumua, ukiifunga inapasua dumu. Dumu lenye kifuniko ni la omulamba, juisi tamu ya ndizi, wanayokamuliwa kina mama wa kwaya na walokole. Kila mtu Nshambya anajua. Jesca alitangaza Alhamisi kabla ya mvua. Kwa hiyo nilipeleka juisi ukweni.

Nikasema basi juisi ndiyo imeniponza. Nicholaus akasema hapana. Ta Kahigi amesema kama ningeonja nikasema wazee samahani, nina mafua, sijui nimewaletea nini, wangecheka wote na Hellen angekuwa wangu jana ileile. Omulamba si kosa. Lakini mtu anayelewa juisi mbele ya macho yake, akiwa ameshika kibuyu cha kuaminiwa, mtu huyo atamwambia nini mjukuu wake wakiwa ndani ya nyumba yao?

Iliniuma, sitaficha. Nilitaka kumwomba Nicholaus msamaha kwa lile dumu na banda la kuku, lakini hakuwa amelitaja, nikaona nisimwongezee mawazo.

Nimelala mchana kutwa, sikufungua meza.

Jumanne, 13 Mei

Hellen amepiga simu! Mwenyewe!

Amesema babu yake alikaa amenuna siku nzima ya Jumapili, halafu wakati wa kula akakumbuka wale Ta Kahigi wawili, akaanza kucheka, akapaliwa na ndizi. Ma Magdalena naye kila akipita anamuuliza kama mchungaji ameshajua. Kwa hiyo mlango uko wazi kidogo. Niende Jumamosi. Nisije na lubisi, nisije na kreti, nisije na Aroni. Nisimame mbele ya mzee niseme niliongopa, nina meza sokoni, na ninampenda mjukuu wake. Hayo tu. Mikono mitupu, Gamaliel, amesema, nakuomba. Sauti yake ilitetemeka. Akasema yeye mwenyewe meza yenye mwavuli inamtosha.

Machozi yalinitoka, hapa sokoni, mbele ya wateja. Mwanamke gani huyu! Nikaapa nitafanya kama alivyosema, neno kwa neno.

Halafu nikakaa nikafikiri.

Mikono mitupu? Mhaya aende ukweni mikono mitupu? Haiwezekani. Ni mtihani! Mzee anataka aone kama nina akili ya kuelewa kisichosemwa. Hellen hawezi kuniambia wazi, maskini, wako naye pale wanamsikiliza. Sauti ndiyo maana ilitetemeka. Bahati nzuri mimi naelewa haraka.

Nimekwenda kwa Aroni. Ana beberu mkubwa, mweusi, ndevu za askofu. Haniuzii, lakini ameniazima mpaka Jumapili. Nitamwingiza Kishanda kama wangu, wazee watamwona, watashangilia, mambo yataisha. Kisha kabla hawajamfunga kwao nitasema jamani, huyu naona ni mgonjwa, niwarudishie akishatibiwa. Nani atakataa mbuzi atibiwe?

Kazi iliyobaki ni ndogo. Yuko hapa uani kwangu, na tangu jioni namfundisha kukohoa.