Mpagani wa Saa Nane

Jumatatu, 4 Machi
Siku mbaya. Mchana nimeenda chumba cha sala cha hapa kiwandani kulala kama kawaida, nimemkuta mtu ndani. Amekaa sakafuni, miguu ameikunja, macho ameyafumba. Hasinzii. Haombi. Amekaa tu, kama kiatu kwenye kalibu.

Nikasimama mlangoni, blanketi kwapani. Alipomaliza akanisalimia kwa upole, akauliza kama na mimi nimekuja kwa ibada. Nikasema ndiyo. Akalitazama blanketi. Nikasema magoti yangu mabovu.

Ni mkataji ngozi mpya. Wenzake wanamwita Kimya. Ni Mbudha, na ameiomba kamati ya chumba impe saa nane kila siku. Saa nane! Saa saba ni ya mlinzi na Waislamu wenzake. Saa kumi ni ya mhasibu na kwaya yake. Saa nane haikuwa na mwenyewe, ndiyo maana ikawa yangu.

Tangu mtoto wetu azaliwe sijalala usiku wowote wa maana. Ana mapafu ya honi ya lori. Mama mkwe amekuja kusaidia, amechukua kitanda, mimi niko kwenye kochi. Na kazi yangu hapa kiwandani ni kulinganisha jozi kabla viatu havijaingia kwenye maboksi. Mwezi uliopita, kabla sijagundua chumba hiki, nilifunga shehena nzima ya viatu vya kushoto vitupu. Meneja alisema nikirudia nitafute kazi kwingine. Kwa hiyo huu si uvivu. Natetea riziki.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa yake! Mlangoni pa chumba kuna kibao: CHUMBA HIKI NI CHA WATU WA DINI. Sasa, Ubudha ni dini, au ni upagani? Ukiwa upagani, Kimya nje, blanketi ndani.

Nimemfuata kantini nikajifanya mdadisi. Nikamuuliza kama wanaamini kuna Muumba. Akasema Budha hakushughulika na hilo. Alifundisha kuhusu mateso na namna ya kuyamaliza. Nikajizuia kupiga makofi. Nikauliza habari za sanamu. Akasema anayo nyumbani, ndogo, huiinamia kama mtu anavyomwinamia mwalimu wake. Nikauliza basi huyo Budha ni nani. Akasema alikuwa mtu tu, akaamka.

Akaamka! Mtu ambaye dini yake nzima ni kuamka ndiye anayenipokonya pa kulala.

Hana Muumba, ana sanamu. Kesi imekwisha. Akanimegea nusu ya chungwa lake. Nimelila, lakini halijanilainisha.

Jumatano, 6 Machi
Nimetafuta mashahidi. Mlinzi na mhasibu wamo kwenye kamati, na hawajawahi kukubaliana hata juu ya rangi ya zulia. Kwa hili lazima waungane. Mlinzi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza nikisema mpagani nina maana gani. Nikamwambia asijali, atasikia kesho kwenye kikao cha kamati. Mhasibu alisema ataliombea. Naona dalili njema.

Nyumbani nimemweleza mke wangu. Akasema, baba watoto, mtu kakaa kimya na wewe unamwonea gere? Nikamwambia ni suala la imani. Akauliza mara ya mwisho nilisali lini. Mtoto akalia, akaniokoa. Ana akili, kanirithi.

Alhamisi, 7 Machi
Kikao. Mwenyekiti ni mkuu wa washonaji, ambaye hata meneja humwita Shangazi. Nimezungumza vizuri sana. Muumba, hakuna. Sanamu, ipo. Nikakaa.

Mhasibu akasema kwake yeye mpagani ni mtu asiyemjua Mungu wa kweli. Mlinzi akamuuliza taratibu, kwa hesabu hiyo yeye mlinzi yuko safu ipi? Mhasibu akaangalia viatu vyake. Akasema, ndugu yangu, sijawahi kukufikiria hivyo. Mlinzi akajibu kwamba babu yake naye alikuwa na maneno yake kuhusu watu wa kwaya, ila hatayarudia kwa kuwa kwaya inaimba vizuri. Wakacheka wote wawili! Nimewaleta kama kuni mbili nimuunguze Kimya, wao wakajichemshia chai.

Shangazi akamgeukia Kimya, akauliza saa nane anaitakia nini hasa. Kimya akaonyesha kovu kwenye kidole gumba. Akasema anashika kisu kutwa nzima, na mawazo yakitoroka kisu huyafuata. Mama yake alimfundisha kukaa na kuhesabu pumzi, mkono unatulia. Nyumbani wako ndugu watatu chumba kimoja, na televisheni.

"Mniite mtakavyo," akasema. "Hata mpagani sawa. Naomba pa kukaa tu."

Mhasibu akauliza kama wana amri zozote. Akazitaja: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa pombe. Mhasibu akasema hakubali kwamba hiyo ndiyo njia ya kweli, lakini kuiita upagani hawezi tena, na anatamani wale wa sauti ya nne kwenye kwaya yake wangeshika hata mbili. Mlinzi akasema yeye pia ana njia yake na haibadilishi. Ila mpagani ni jina analopewa mtu na jirani yake. Hajawahi kukutana na aliyejipa mwenyewe.

Nikaona mambo yanaharibika. Nikasimama, nikatoa kipimo. Mpagani, nikasema, ni mtu anayeingia chumba kitakatifu bila lolote la kumwambia Mungu!

Shangazi akavua miwani.

"Na wewe saa nane huwa unamwambia nini?"

Nikasema natafakari.

"Kwa kukoroma? Mwanangu, nyuma ya ukuta ule ndipo tunaposhona. Washonaji wanajua saa kwa mkoromo wako. Basi kwa kipimo chako mwenyewe, mpagani tumempata."

Saa nane ni ya Kimya. Blanketi limerudi nyumbani.

Ijumaa, 8 Machi
Mtoto hakulala. Kochi halikulalika. Asubuhi nikawa naona viatu vinapepea. Nilikuwa nafunga boksi, kushoto na kushoto, Kimya akapita. Akanitolea kimoja mkononi, akaniwekea cha kulia. Hakutazama hata kama meneja yuko karibu. Halafu akaniambia chumba ni kikubwa kwa mtu mmoja, nije nikae naye.

Nikaenda, bila blanketi. Akanielekeza nihesabu pumzi mpaka kumi, nikipotea nianze upya. Nilifika nne. Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa begani kwake na aproni yake imelowa mate. Nikaomba radhi. Akasema naye alianza hivyohivyo. Mama yake alimwacha alale kwanza, mchovu hana cha kukaa nacho.

Alasiri jozi zote zimekaa sawa. Shangazi kapita, kakagua boksi, kaguna. Mguno mzuri.

Jumamosi, 9 Machi
Tumefanya kazi nusu siku. Nimekaa tena, macho nimefumba, akili iko macho. Nimefika saba! Kitu kifuani kikatulia, kama mtoto anapoacha kulia katikati ya kilio. Sisemi uongo. Nyumbani mke wangu kaniangalia kaniuliza nimepata nini. Nikamchukua mtoto, nikahesabu pumzi zake badala ya zangu. Tumelala wote wawili mpaka jua linazama. Mama mkwe kapiga picha, na amesema leo kitanda ni changu.

Nimeamka na fikra safi. Kufika saba kwa siku mbili si jambo dogo. Ni kipaji. Nimemchunguza Kimya vizuri leo: mgongo kaupinda, na mara mbili amejikuna pua. Kuna jambo hapo. Mtu wa daraja langu anahitaji utulivu, chumba peke yake, na saa yake. Saa tisa iko wazi.

Jumatatu nitamwona Shangazi. Nitamweleza kwa heshima kwamba Mbudha halisi humu kiwandani ni mimi, na kwamba huyo mwenzangu, nikimtazama kwa makini, ana dalili za upagani.

Blanketi nimeshalifua.