Kiti cha Shangazi Muhiba

Jumanne, 3 Julai 1956. Majengo.

Mwanasiti anaposwa Ijumaa. Baba yake, Mzee Hamidi wa Eastleigh, atasikiliza washenga baada ya swala, kisha atachagua. Tumebaki wawili: mimi na Twalib muuza chai. Twalib ana sura, mimi nina shangazi. Bi Muhiba ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni, ila magoti mabovu. Amesema Eastleigh haendi kwa miguu, labda abebwe. Basi atabebwa kwa pikipiki! Mzee Hamidi atasikia mngurumo kabla ya salamu.

Jumatano, 4 Julai.

Nimezunguka kujaribu pikipiki za watu, nikipanda nyuma. Ya Owino wa reli ina kiti kidogo cha springi. Kila jiwe la barabara nimelijua kwa makalio. Ya Omolo inatetemeka. Nimeshuka meno yakigongana, ganzi hadi visigino. Ya Gordon, karani wa Kaloleni, ndiyo yenyewe. Kiti kirefu cha ngozi, laini kama godoro la sufi. Nilitanua miguu, nikamkumbatia Gordon tumboni, nusura nisinzie. Atanipa niiendeshe mwenyewe. Twalib kaniuliza nahangaikia nini. Nikamwambia biashara.

Alhamisi, 5 Julai.

Sina usingizi wala hamu ya chakula. Nimekipaka kiti mafuta ya nazi, kinang'aa. Gordon kauliza kama shangazi mwenyewe amekijaribu. Nikamjibu makalio ni makalio.

Ijumaa, 6 Julai.

Balaa. Shangazi katoka na buibui lake, akaketi upande, miguu yote kushoto, kama mwanamke wa heshima aketivyo. Hilo sikulipima. Lakini watu walikwisha toka msikitini, nikaondoka mbio. Safari tamu ajabu! Kwenye kona ya Pumwani pikipiki ikawa nyepesi, nikaisifu injini.

Mzee Hamidi alikuwa mlangoni. Nikageuka nimteremshe shangazi. Hayupo. Na mposaji hajisemei, ni aibu. Mzee akauliza mshenga wangu yuko wapi. Nikasema yuko njiani.

Kweli alikuwa njiani. Alikuja juu ya mkokoteni, Twalib akiusukuma. Twalib ndiye aliyemwokota mtaroni, akamfuta matope, akamnywesha chai. Shangazi akapita bila kunitazama, akaingia ndani, akamposea Twalib. Ati huyo akibeba mtu, anajua kama bado yupo.

Jumamosi, 7 Julai.

Posa ya Twalib imekubaliwa. Nimelia, sifichi. Shangazi hataki kuniona.

Lakini Mwanasiti ana mdogo wake. Nimewaza sana leo na kosa nimeliona: shangazi ni mwepesi mno. Jioni nimekwenda kumbembeleza mama mkubwa, mzito mara mbili yake, na amekubali. Huyo hatateleza.