Loriye ya Madamu

Ndugu zangu mlioko Nyangwe, leo nimeadhirika. Si kidogo. Naandika barua hii nimekaa juu ya gunia la makaa nyuma ya jiko, na mkiona mwandiko umepinda mjue sababu. Someni mpaka mwisho ndipo mcheke. (Au msicheke kabisa. Nitashukuru zaidi.)

Mnajua miezi mitatu iliyopita nilipata kazi ya upishi hapa Kasongo, kwa bwana mmoja wa Bula Matari, serikali hii ya wazungu. Madamu wake alikuwa ametoka tu likizo Ulaya. Siku ya kwanza hakunionyesha jiko. Alinipeleka barazani akanionyesha chungu kikubwa chenye mti mdogo, mkavu, umesimama kama ufagio uliogeuzwa.

"Hii iko loriye," akasema. "Muti ya mama yangu, nilileta toka Bulaya. Mupishi wa mbele hapana mwangia maji, nikamufukuza. Weye utaponyesha. Ikikufa, na weye utaenda."

Loriye, kwa msioijua, ni mti wa kwao usiopukutisha majani mwaka mzima, na majani yake hutiwa kwenye mchuzi ili unukie. Mimi niliyaona makavu tu, kwenye chupa. Mti wenyewe sikuwahi kuuona ukiwa hai. Lakini nina mke na watoto wawili, na kazi ya jikoni kwa wazungu haiokotwi njiani. Nikajibu, "Ndiyo Madamu, itapona." (Mdomo wangu huu!)

Na nilifanya kazi kweli, Mungu ni shahidi. Nilikwaruza gome kwa ukucha. Chini kabisa nikaona uzi wa kijani, nikasema bado una roho. Nikakata matawi yote yaliyokufa. Nikautoa chunguni, nikakuta mizizi imejiviringa yenyewe kwa yenyewe. Nikaifumua, nikaondoa iliyooza, nikatia udongo mpya wa chini ya migomba na mavi ya mbuzi ya zamani. Kivulini. Kikombe cha maji asubuhi, kikombe jioni. Na kwa kuwa shina lilikuwa likilegalega, niliokota kijiti kwenye rundo la miti ya ua iliyokatwa nyuma ya jiko, nikakichomeka kando yake, nikavifunga pamoja kwa kamba ya mgomba, mizunguko mingi mingi, kama mguu wa mtu aliyevunjika.

Nilikuwa hata nikisema nao. "Amuka, baba, amuka. Watoto wangu watakula nini?" (Nimeona aibu kuandika hili, lakini leo aibu imekwisha nyumbani kwangu.)

Wiki ya tano, jani! Kesho yake mawili. Nilipiga ukelele, Madamu akaja mbio bila viatu. Akachuma moja, akalinusa, akafumba macho.

"Inanukia jikoni kwa mama," akasema, na machozi yakamtoka.

Nami nikanusa. Sikusikia harufu yoyote. Lakini mimi ni nani nijue jikoni kwa mama yake kunanukiaje? Tangu siku ile nikawa mtu. Hata bwana mwenyewe alianza kuniita kwa jina.

Sasa leo. Alikuja mgeni mkubwa sana kutoka Kindu, anapita kwenda Kabambare. Chakula cha mchana, wazungu sita mezani. Madamu akaniagiza: paja la mbuzi kwa sosi, na majani ya loriye yetu, mabichi. "Mbili, Saidi. Mbili tu."

Ndugu zangu, mti nimeuponya mimi. Majani yamejaa. Mawili ya nini? Nikatia kumi na mawili. Nikaacha yachemke saa tatu pamoja na nyama.

Na sikuonja. Mnajua ni mwezi wa Ramadhani, nimefunga. Siku zote Madamu ndiye huonja na kijiko chake, lakini leo alikuwa chumbani anavaa. Basi nikaonja kwa pua. Pua ikasema vizuri.

Kabla ya kukaa mezani Madamu aliwapeleka wageni kuangalia chungu. Mimi nilisimama kando, nguo nyeupe, kifua mbele. Bwana Agronomu, yule anayefundisha watu kulima pamba, akagusa jani akaeleza kwamba katika hewa yetu loriye hubadilika kidogo, majani huwa laini zaidi. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Mgeni mkubwa akanipa mkono. Mkono! Nikaangalia kama mlinzi wa lango, mzee Lukanga, ameona. Alikuwa ameona.

Wakakaa. Nikapakua mwenyewe. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikangojea sifa.

Mgeni mkubwa akala kijiko cha kwanza. Akaacha kutafuna. Uso wake ukajikunja wote, macho, pua, mpaka masikio. Madamu mwingine, mmoja wa wageni, akatema kwenye kitambaa. Bwana Agronomu akanywa glasi yake yote, akanywa na ya jirani. Kisha mmoja wao akatamka neno moja la Kifaransa, nalo nalijua, kila mpishi analijua. Sumu.

Damu yangu ilisimama.

"Lukanga!" bwana akaita, na mzee akaja mbio na bunduki yake. "Shika huyu mutu!"

Mgeni mkubwa akasogeza sahani yake ukingoni mwa meza, mbele yangu. "Kula weye."

"Bwana, siwezi," nikasema. "Nimefunga."

Hapo ndipo nilipojimaliza! Meza nzima ikalipuka. "Munaona? Anakataa! Anajua iko nini ndani!" Madamu akashika kichwa. Nikaona buloko, jela yao, nikaona fimbo, nikaona mke wangu akirudi Nyangwe na watoto mgongoni. Nilitaka kueleza habari ya mfungo, kelele zao zikanimeza.

"Kula, mutoto yangu," Lukanga akaninong'oneza. "Mungu anaona. Kula, ama utakufa na hii Ramazani yako."

Nikasema Bismillahi, nikala. Saa saba mchana, jua la Mungu likiwaka, mbele ya wazungu sita, nimefungua.

Uchungu! Uchungu ulipanda mpaka kwenye utosi. Na palepale nikamwona bibi yangu, amekaa juu ya kifua changu, ameniziba pua, kikombe mkononi. Ulimi wangu ulikijua kitu kile tangu nikiwa na miaka minne.

"Mubirizi!" nikapiga kelele. "Wallahi, iko mubirizi!"

(Msiniulize kwa nini sikuujua kwa macho. Bibi alikuwa akiutwanga gizani huko nyuma ya nyumba, mimi nikaletewa kikombe tu. Mubirizi niliujua kwa ulimi, sura yake sikuwahi kuitafuta.)

"Mubirizi iko nini?" mgeni akauliza.

Lukanga alitoka bila ruhusa, akaenda barazani, akachuma jani chunguni, akalitafuna. Akafunga macho. "Kweli kabisa, Bwana. Iko mubirizi. Kwetu Kabambare tunapatia watoto, dawa ya minyoo."

Wote wakainuka, na vitambaa shingoni, wakaizunguka loriye yangu. Lukanga akafungua ile kamba, mzunguko baada ya mzunguko. Akashika shina la loriye kwa vidole viwili. Likatoka lote, jepesi, kavu, chini limeliwa na mchwa mpaka hakuna mzizi hata mmoja. Na kando yake, kimesimama wima, kinene, kina matawi na majani mazuri, kijiti changu cha kuegemeza!

Ndugu zangu, kwa miezi mitatu nimekuwa nikinywesha kijiti. Nimekifutia vumbi. Nimekiita baba.

Bwana Agronomu alikuwa akiangalia viatu vyake. Madamu alichukua lile shina kavu akalishika kama mtu anayeshika mkono wa maiti, na hapo, wallahi, nilisahau buloko, nikamhurumia. Ulikuwa mti wa mama yake.

"Madamu, unisamehe," nikasema. "Mimi nilijua iko muzima."

"Na mimi pia, Saidi," akajibu, sauti ndogo.

Lakini bwana wake bado alitaka nipelekwe. Akasema labda nilifanya makusudi. Ndipo mgeni mkubwa alipoketi kwenye ngazi ya baraza, akaniangalia tangu kofia mpaka vidole vya miguu, akaangalia kijiti, akaniangalia tena. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoa miwani akafuta macho.

"Muache," akasema. "Mutu ya kuua watu hapana mujinga namna hii. Miezi tatu anachunga fimbo!"

Kisha akaniuliza, taratibu, ile dawa inafanya nini hasa tumboni. Nikamwambia ukweli, kwamba inafukuza minyoo na homa, na inafungua tumbo vizuri sana. Akaacha kucheka. Akauliza kutoka hapa mpaka Kabambare ni saa ngapi kwa gari. Gari lake mpaka sasa halijaondoka.

Kazi ninayo bado. Madamu amesema kuanzia kesho, Ramadhani au si Ramadhani, kila sufuria itaonjwa na mtu kabla ya kwenda mezani. Siku yangu ya leo nitaifunga tena baada ya Idi. Lukanga amekwisha kumsimulia kila apitaye langoni, na nimesikia jina langu jipya mtaani ni Baba Fimbo.

Basi nawaomba. Wengine hutolewa buloko na akili zao. Mimi ujinga wangu ndio ulionizuia nisiingie. Msiucheke, leo ndio uliokuwa wakili wangu.