Mwanamke wa Pangoni Aliyekataa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Wewe mama wa yule kijana wa kwenye TV, huna akili hata kidogo. Mtoto wako ameota kifo, ukazunguka dunia nzima ukiapisha kila kitu kisimwue. Moto ukaapa. Chuma kikaapa. Ng'ombe, mawe, hata homa. Halafu ukaruka kamti kamoja kanakoota juu ya mti mwingine, eti bado ni kachanga. Kachanga! Mimi nimelea watano. Kale kachanga ndiko ka kuangaliwa. Sasa kijana amechomwa na kijiti cha hako kamti, amelala chini, na wewe unapiga magoti kwa barafu. Shauri yako.

Mjukuu wangu Ciru, aliyemaliza chuo na bado anangoja kazi, ndiye hutuwekea saa kumi ya jioni na kututafsiria. Anasema ni mambo ya miungu ya zamani ya Ulaya, kule kwa baridi. Tunatazama watatu: mimi, Ciru, na jirani yangu Leonida Adoyo, Mama Austine, mlango unaofuata wangu hapa mtaa wa Pioneer tangu 1994.

Hapo kwa TV kuna pia msichana askari na fundi wa panga. Ciru anasema wanapendana lakini hawasemi. Fundi amemfunga msichana kola ya koti karibu dakika nzima, halafu akamwambia tu kwamba kuna upepo. Nimewapigia kelele waseme. Watu wazima!

Chai ilipokwisha Leonida akasema Austine amemjengea nyumba Kisumu. Anahama Jumamosi.

Nikasema vizuri. Nikaosha vikombe.

Lakini sijakaa bure. Imebaki sehemu moja ya hadithi. Mtu hawezi kuhama bila kujua mwisho. Hataiona, basi hatahama. Nimemaliza.

Jumanne, 4 Machi

Nimechomoa waya wa TV na kuuzika ndani ya unga wa mahindi. Leonida alipokuja na njugu zake nikamwambia TV imekufa. Akatoa pole. Akakaa hapo hapo akatazama kioo cheusi kama mtu aliye matangani. Kisha akamuuliza Ciru kama simu yake haiwezi.

Simu ikaweza. Vichwa vitatu juu ya kitu kidogo kama kipande cha sabuni.

Wametuma mtu hadi nyumba ya wafu kumwombea yule kijana. Mwenye nyumba akasema sawa, atarudi, lakini kila kitu duniani lazima kimlilie. Kila kitu, bila kubakisha. Hapo simu ikazima. Mungu hajalala.

Ugali wa jioni ulikuwa na harufu ya plastiki. Ciru alikula akinitazama.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili. Nimemweleza Leonida habari za Kisumu. Joto. Mbu wa kubeba mtu na kitanda. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa upole kwamba alizaliwa na hao mbu, wanamjua jina.

Nimekasirika sana. Mtu anasaidiwa hataki.

Huyu Leonida ana deni la heshima kwangu. Hapana, niandike ukweli, hakuna anayesoma. Mwaka ule wa vita vya uchaguzi tulipokimbilia uwanja wa maonyesho, yeye ndiye alikaa na funguo zetu na kuku wetu. Tuliporudi, kuku walikuwa wameongezeka. Sikusema asante. Nilisema yule mwekundu amekonda.

Alhamisi, 6 Machi

Ciru amepata waya. Ameufuta unga, akauchomeka. Huyo mtoto ana kimya cha babu yake.

Basi tumeona mwisho. Kila kitu kilimlilia kijana. Miti ililia. Mawe yalitoa maji. Chuma kililia kama friji stima ikipotea. Nikasema sasa atarudi. Halafu wakafika kwa pango, na ndani amekaa mwanamke mzee, macho makavu kama mahindi ya ghalani. Akasema hatalia. Kifo kikae na chake. Na kwa sababu ya huyo mmoja, kijana hakurudi.

Nilimtukana huyo mwanamke mpaka Ciru akapunguza sauti. Ndipo nikaona Leonida hatazami TV. Ananitazama mimi.

Nilijua anafikiria nini. Tulipomzika mzee wangu Ephantus kule shambani Ainabkoi, miaka miwili sasa, mimi sikulia. Kwetu mjane husimama wima. Watu wanakuangalia magoti, si macho. Lakini Leonida alianza nduru kutoka kwa geti mpaka kaburini, mikono kichwani, akimwita Ephantus kwa jina, akimuuliza anamwachia nani mji. Dada za mume wangu wakashika midomo. Jioni ile nikamwambia amenitia aibu. Nikamuuliza, mbele ya watu, Ephantus alikuwa nani wake. Miaka miwili ameshika hilo neno, na kila siku anakuja na njugu.

Leo amejibu. Aliweka kikombe chini kwanza.

"Mama Ng'ang'a, nilisikia hakuna mtu anamlilia. Kwetu mtu haondoki hivyo, kama mgeni wa soko. Yangu ilikuwa kidogo tu. Ile kubwa ilikuwa yako. Nilikubebea."

Maneno yalinijaa mdomoni. Mengi. Nilikuwa nayo yote hapo.

Nikamwambia chai inapoa.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa mwisho, na huu ni wa akili. Anayehamisha mizigo ni Wanyonyi, mwenye kanta, lile lori dogo. Nimemvizia kwa duka asubuhi. Sikutaka kujidhalilisha kwa kusema mambo ya ndani, kwa hivyo nikamwambia tu kwamba kanta yake ni mbovu, inaweza kumwacha mtu njiani, hapo Kapsabet, na afadhali asitoke na hiyo kesho. Nikakunja uso aelewe.

Alielewa. Akanishukuru kwa kumjali Mama Austine. Akasema ataazima kanta mpya ya ndugu yake, yenye turubai, na watatoka saa kumi na mbili badala ya saa tatu.

Nimejipunguzia masaa matatu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Kanta ilikuwa nzuri sana. Hata kitanda hakikuyumba.

Vyote vilipopanda, Leonida akaja mlangoni kwangu na sweta la safari. Kulikuwa na baridi. Kola yake ilikuwa imejikunja nyuma. Nikaitengeneza. Ikanyooka, nikaitengeneza tena. Shingo yake imezeeka. Sijui ni lini ilizeeka, na mimi nipo hapa kila siku. Wanyonyi akapiga honi na bado nilikuwa na hiyo kola.

Ciru alikuwa nyuma yangu. Alisema polepole, "Shosho, sema."

Nikasema, "Funga dirisha. Kuna vumbi."

Leonida akanishika mikono yote miwili. Akasema amesikia. Sijui amesikia nini.

Kisha kanta ikakata kona. Vumbi lenyewe halikuwepo, umande ulikuwa bado.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Magoti.

Saa kumi nikaweka vikombe vitatu. Ciru akakitazama cha tatu, hakukiondoa. Akauliza kama nataka hadithi nyingine. Nikamwambia arudishe ile ile, pale pangoni. Tukaitazama mara mbili. Nilitaka kuona kama huyo mwanamke ana kitu machoni, pengine mara ya kwanza sikuona vizuri. Mkavu kabisa. Mwanamke mjinga. Alihitajika kulia mara moja tu, mtu arudi.

Ciru amenipa kitambaa. Nimemwambia ni kitunguu. Amesema hatujapika. Nimemwambia basi ni cha jirani. Jirani gani, ameuliza.

Chumba cha Leonida hakina pazia. Ukipita unaona mpaka ukuta wa nyuma.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Nimekaa na nimepata mpango, na huu hauna kasoro.

Nimemwambia: Ciru, weka simu chaji. Kesho asubuhi mpigie Mama Austine. Mwambie nimelazwa, mapafu, daktari anatikisa kichwa, aje haraka. Usimwambie namtaka. Na hicho kikombe cha tatu kioshe, lakini usikirudishe kabatini.