Kidonda Kilichopona Bila Ruhusa

Jumatatu, 3 Machi
Karibu niingie kwenye majaribio! Daktari wa miguu anasema wanachota mafuta tumboni mwa mgonjwa wa kisukari, wanachuja seli shina, wanazidunga pembeni mwa kidonda ili ngozi iote upya. Nafasi imebaki moja. Tunaigombea wawili: mimi, fundi cherehani mwenye kidole cha mguu kinachonyemelewa na kisu, na shemeji yangu kinyozi, ambaye hata mafua huugua kwa kujionyesha. Kwanza wiki mbili za matibabu ya kawaida, kisha wachague. Muuguzi alieleza masharti. Sikusikia yote, nilikuwa nachungulia faili la shemeji. Kidonda chake kikubwa kuliko changu. Lazima anizidi kwa kila kitu!

Alhamisi, 6 Machi
Mkakati: kuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote. Daktari gani atamnyima mtu kama mimi? Cherehani nimeifunika. Mguu juu ya stuli kutwa. Soda hapana. Chai bila sukari. Dawa kwa saa. Mke wangu amenigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jumanne, 11 Machi
Nimepita kinyozini kwa mkongojo, kupeleleza tu. Shemeji amesimama tangu asubuhi, soda mkononi. Nimemsifu kwamba afya yake inapendeza. Amekwisha!

Jumatatu, 17 Machi
Muuguzi amechora kidonda changu kwenye karatasi ya plastiki, akailaza juu ya mchoro wa kwanza. Kimebaki kama punje ya mchele. Nikafungua vifungo vya shati, tumbo tayari. Daktari akasema, "Hongera mzee, kidole kinapona chenyewe. Seli tunawapa wale ambao vidonda vyao vimegoma."
Nafasi kapewa shemeji. Ameniomba nimsindikize! Mke wangu amelia kwa furaha, kidole kimenusurika. Mimi pia nimelia, kwa sababu zangu.

Jumatano, 19 Machi
Mke wangu ameniuliza kama nimeelewa kilichoniponya. Nimemjibu bila kusita: utiifu. Ndiyo maana nimeuacha. Leo nimekanyaga cherehani kutwa, ndani ya viatu vyangu vya harusi vinavyobana, soda ya pili kando yangu. Sihisi maumivu yoyote. Nimevua kimoja kuangalia: kisigino kimechubuka vizuri kabisa. Daktari amesema watachukua wagonjwa wengine mwezi Juni. Safari hii shemeji hanipati.