Pampu ya Kale na Uenyekiti Wangu

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimetoka zamu kwenye makao ya wazee, miguu imevimba. Lakini Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa Wakenya wa Mansfield, huku ughaibuni, na safari hii lazima niwe mimi. Otieno amenishinda mara tatu. Tatu! Nimechoka kuitwa Mjumbe Mutuku.

Jumanne, 3 Juni
Wazo! Kwenye bustani tutakapokutana kuna pampu ya mkono. Kibao kinasema mji mzima uliteka maji hapo, miaka mia na zaidi iliyopita. Sasa imekauka. Kwetu Makueni mleta maji hashindwi uchaguzi. Nimeandika kwenye grupu ya WhatsApp kwamba nimeifufua, uzinduzi Jumamosi, saa nne kamili. Mama Jackie, mlezi wetu, amekubali kuwa mgeni rasmi. Otieno ameweka kidole gumba tu. Wivu.

Alhamisi, 5 Juni
Haifufuki. Kisima kilishafukiwa. Basi nimenunua mpira wa kumwagilia maua na kidude kinachofungua bomba chenyewe kwa saa. Mpira utapita nyuma ya maua hadi mdomoni mwa pampu. Nimetega saa nne hadi saa nne na robo. Nilimwomba kwanza mke wangu asimame bombani. Jeptoo amesema ametoka hospitalini baada ya saa kumi na mbili mfululizo, na kwamba mimi namchosha kuliko wagonjwa.

Jumamosi, 7 Juni
Saa nne kamili pampu ilibubujika, ajabu ya kutazama. Watazamaji: mimi na kindi mmoja. Na Otieno! Mkenya gani huyu anayefika kwa wakati? Akaketi kwenye benchi kando ya bomba, akanisalimia kwa heshima, hakuondoka tena. Ningetega upya vipi? Saa nne na robo maji yakakatika.

Wengine walianza kufika saa saba kasorobo. Mama Jackie akakata utepe, akasukuma mpini. Kavu. Akamwomba Mungu, akasukuma tena, kilemba kikaanguka. Jua lile! Watoto wakalia kwamba wako thirsty. Nikasema maji yako njiani. Otieno akafungua buti ya gari: maji ya chupa, baridi, ya kutosha wote. Walimchagua wakiwa bado wanakunywa. Niliingia garini nikalia kidogo.

Jumapili, 8 Juni
Jeptoo ameniambia nipumzike, hakuna aliyenituma. Nimekubali. Lakini nasikia Missouri City, kule Houston, nako kuna pampu ya kale, na Wakenya wa huko watachagua mwenyekiti Agosti. Hawanijui! Kosa langu nimeshaligundua: ni saa. Watu wetu hufika saa saba kasorobo, basi kidude nimekitega saa saba kasorobo. Na kwenye mwaliko nimeandika vivyo hivyo: saa saba kasorobo kamili.